Boti ya kwanza: pesa za kikundi, upepo wa ziwa na kayaki ya bei nafuu

Haya ni maelezo ya afisa wa ugani wa uvuvi katika kikao cha vijana na wazee wa Nakalale. Tumeyachapisha kwa sababu maswali yaliyoulizwa hapo yanaulizwa pia Lodwar, Kakuma na Kalokol.



Nimeitwa kujibu swali moja. Kikundi cha vijana wa hapa kimekuwa kikichanga pesa, na wameona kwenye simu picha za watu wameketi juu ya kayaki wakivua samaki. Wanauliza: ni kayaki gani ya bei nafuu inayomfaa mtu anayeanza, atakayoitumia kujifurahisha siku ya mapumziko na kuvulia siku nyingine?

Ni swali zuri, na najua halikutoka kwenye simu. Limetoka zizini. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa kwa mfululizo, na kila mtu aliyeketi hapa anakumbuka alivyopoteza mifugo yake. Kijana ambaye baba yake alimhesabia mbuzi leo anahesabu shilingi mia kila wiki. Kwa hiyo pesa hizi si pesa za mchezo, hata kama nyingine zitanunua burudani.

Hapa Nakalale hatuoni ziwa kutoka mlangoni. Wengi wenu hamkukulia majini, na wengi hamjui kuogelea. Sisemi hivyo kuwadharau. Mimi nikipewa ngamia kumi leo nitawapoteza kabla ya jua kuzama. Kila kazi ina waliozaliwa nayo, na wengine tunajifunza.

Jibu langu nitalitoa sasa, halafu nitaeleza sababu. Msinunue boti ya siku nzuri. Nunueni boti ya siku mbaya. Na ikiwa pesa mlizo nazo hazitoshi boti ya siku mbaya pamoja na majaketi ya kuokolea maisha, endeleeni kuchanga.

Ziwa lenyewe

Ziwa Turkana lina urefu wa karibu kilomita 250 kutoka kaskazini hadi kusini. Hakuna ziwa la kudumu lililo jangwani duniani linalolizidi kwa ukubwa. Picha mlizoona kwenye simu nyingi ni za vibwawa na mito mitulivu ya nchi nyingine. Ziwa letu lina upepo.

Upepo huo hutoka kusini-mashariki. Kwa kawaida huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, kisha hupungua mchana na alasiri. Hiyo ni kawaida tu. Upepo haukuandikiana mkataba na mtu. Ndiyo maana wavuvi wa Kalokol na Eliye huangalia maji kwanza, na wakiona povu jeupe juu ya mawimbi huketi chini ya mti na kungoja.

Mwaka 1934, mtafiti Mwingereza Vivian Fuchs alileta msafara wake kwenye ziwa hili, wakati huo likiitwa Rudolf. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka hadi Kisiwa cha Kusini. Hawakurudi, na miili yao haikupatikana. Walikuwa watu waliojiandaa, wenye vifaa kuliko tulivyo navyo sisi leo. Wazee wa ufuoni wanaweza kuwatajia majina mengine, ya ndugu zao wenyewe.

Kayaki ni nyepesi na iko chini, karibu na maji. Mtu wa kawaida akipiga kafi bila haraka huenda kama kilomita 4 au 5 kwa saa. Upepo mkali ukimsukuma kutoka ufuoni, hatashindana nao kwa muda mrefu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kayaki gani, ulizeni maji gani. Kwa mtu anayeanza, jibu ni maji ya ndani ya ghuba, kama Ghuba ya Ferguson pale Kalokol, ambako ulimi wa mchanga wa Longech unakinga mawimbi makubwa. Hata humo, asivuke umbali ambao mtu wa ufuoni hawezi kumwona kwa macho na kusikia filimbi yake.

Ya kukalia ndani na ya kukalia juu

Kayaki zina asili yake kwa watu wa nchi za barafu za kaskazini kabisa mwa dunia, waliozitengeneza kwa ngozi za wanyama wa baharini juu ya fremu ya mbao au mifupa. Mwindaji aliingia ndani, akafunikwa kuanzia kiunoni kwenda chini, kwa sababu maji ya kwao yanaua kwa baridi. Kayaki za kukalia ndani za leo zinafuata umbo hilo.

Sisi hatuna shida ya baridi. Shida yetu ni mtu kupinduka akiwa hajui kutoka. Kayaki ya kukalia ndani ikipinduka hujaa maji, na kuikumba ukiwa ziwani ni kazi ngumu hata kwa mzoefu. Kwa hiyo mtu anayeanza achague ya kukalia juu. Hiyo imezibwa pande zote kama mtungi, na ina matundu yanayopitisha maji hadi chini, hivyo maji yanayoingia kwa wimbi hutoka yenyewe. Ikipinduka, unaigeuza na kupanda tena.

Wazee wataona kwamba wazo hili si geni. Wavuvi wa Kiturkana na wa El Molo wametumia tangu zamani vigogo vya eng'ol, yaani mkoma, vilivyofungwa pamoja, na mtu akaketi au kusimama juu. Chombo hicho hakina ndani, kwa hiyo hakijai maji. Udhaifu wake ni kwamba vigogo hunywa maji taratibu na kuwa vizito, hivyo ni lazima vianikwe. Kayaki ya kukalia juu ni mjukuu wa chombo hicho, ila ni ya plastiki na haifyonzi maji.

Imetengenezwa kwa nini?

Mtakutana na aina tatu za bei ya chini.

Ya kwanza ni ya kujaza upepo. Ndiyo rahisi kubeba na mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kabisa. Kwetu sitaipendekeza. Sababu mnaijua kila mara mnapoziba pancha ya baiskeli: miiba ya mathenge na ya migunga. Mwiba mmoja ufuoni, au fupa la mgongo wa samaki, au ndoana iliyoteleza mkononi, na boti yako imelegea. Jua la hapa pia hupanua hewa iliyo ndani hadi mishono ikaachia.

Ya pili ni ya faibaglasi. Ni nyepesi na huteleza vizuri majini, na hutengenezwa tena kwa kitambaa chake maalumu na rezini ikiwa mna fundi. Lakini hupasuka ikigongwa kwenye mawe, na ufa wake hufichika chini ya rangi. Hapo nina kisa changu, nitakisimulia baadaye.

Ya tatu ni ya plastiki ngumu, aina ileile ya plastiki ya tangi la maji lililo shuleni na kwenye zahanati. Hata namna ya kuitengeneza inafanana: unga wa plastiki huwekwa ndani ya umbo la chuma, umbo hilo huzungushwa kwenye joto, na plastiki inayeyuka na kushika kuta. Matokeo yake ni kipande kimoja kisicho na mshono. Ni nzito kidogo, lakini huvumilia kuburutwa kwenye mchanga na kugonga jiwe. Kwa kikundi kinachoanza na kitakachoazimana boti, hii ndiyo ninayoipendekeza.

Adui wake ni jua. Plastiki iliyoachwa juani miezi na miezi hupauka, hukauka na kupasuka, na ikiegemezwa kwenye jiwe wakati wa joto kali hupinda na kubaki hivyo. Ihifadhiwe kivulini, imelazwa kifudifudi juu ya magogo mawili au kwa ubavu. Kibanda cha makuti kinatosha.

Ikipasuka, gundi ya dukani haishiki plastiki hii. Hurekebishwa kwa moto: fundi huyeyusha kipande cha plastiki ya aina hiyohiyo juu ya ufa. Fundi anayeziba matangi ya maji Lodwar au Kakuma anaijua kazi hiyo.

Vipimo vitatu

Muuzaji atawaonyesha rangi na kiti. Ninyi ulizeni upana, urefu na mzigo.

Upana ndio utulivu. Kayaki yenye upana wa sentimita 75 hadi 85 haiyumbi ovyo, na mtu anaweza kugeuka kuchukua samaki bila kuanguka. Ile nyembamba yenye upana wa sentimita 60 ni ya mwendo, na humwangusha anayeanza.

Urefu ndio mwendo na unyoofu. Fupi hugeuka upesi lakini kila ukipiga kafi pua inakwenda kushoto na kulia. Ya mtu mmoja ikiwa na mita 3 hadi 3.6 inatosha. Ya watu wawili huwa na karibu mita 3.7 hadi 4. Kumbukeni pia kuibeba: ya mtu mmoja kwa kawaida huwa na kilo 22 hadi 30, na ya watu wawili yaweza kufika 40. Watu wawili waweze kuitoa kwenye gari na kuifikisha majini bila kuiburuta.

Mzigo ndipo wengi hukosea. Kila kayaki huwa imeandikwa uzito inaoweza kubeba. Uzito huo ni wa kuelea, na kuelea ni jambo moja, kwenda salama ni jambo jingine. Mimi hutumia theluthi mbili tu. Tufanye hesabu pamoja. Mvuvi ana kilo 70. Sanduku, mishipi na kafi ni kilo 10. Maji ya kunywa ni kilo 5, kwa sababu maji ya ziwa hili yana magadi na hayakati kiu. Samaki, tuseme kilo 20. Jumla ni kilo 105. Kayaki iliyoandikwa kilo 120 itaelea, lakini theluthi mbili yake ni kilo 80 tu, na mawimbi madogo yatapita juu ya magoti yako. Iliyoandikwa kilo 160, theluthi mbili yake ni karibu kilo 107. Hiyo inamtosha.

Ukinunua ya mkono wa pili

Kayaki mpya ikiagizwa kutoka nje hubeba ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, na gari la kuitoa Mombasa au Nairobi hadi huku. Ndiyo maana wengi wenu mtanunua iliyotumika. Si vibaya. Ila mkague hivi.

Igeuzeni chini juu, kwenye mwanga wa jua. Angalieni sehemu ya chini upande wa nyuma, kwa sababu ndiyo inayoburutwa. Ikiwa imekuwa nyembamba hadi ukiibonyeza kwa kidole gumba inaingia ndani, iacheni. Angalieni kuzunguka matundu ya kutolea maji, hapo ndipo nyufa huanzia. Angalieni chini ya kiti. Fungueni kizibo, mimineni ndani ndoo mbili za maji, mfunge na kuitingisha pande zote. Maji yakitoka mahali, mmeuona ufa ambao muuzaji hakuwaambia. Mwisho kwangueni kidogo kwa ukucha: ikiacha unga mweupe kama chaki, jua limekwisha kuila.

Sasa kile kisa changu. Nikiwa kijana, mimi na wenzangu watatu tulinunua boti ya faibaglasi iliyotumika. Ilikuwa na rangi mpya ya samawati, inang'aa. Tuliifurahia rangi. Safari ya tatu, tukiwa tumeliacha ghuba nyuma, maji yakaanza kupanda miguuni. Tulikuwa watu wanne na jaketi moja. Nakumbuka jinsi tulivyoliangalia lile jaketi, na hakuna aliyethubutu kulitaja. Tulikumba maji kwa sufuria ya uji kwa kupokezana, na upepo, kwa rehema ya Mungu, ulikuwa unaelekea nchi kavu. Tulifika jua likizama. Boti hiyo ilibaki ufuoni hadi watoto wakaifanya mahali pa kurukia majini. Pesa zetu za mwaka mzima zilikuwa zimenunua rangi.

Bei kamili

Kwa hiyo ninapozungumza juu ya bei nafuu, sizungumzii bei ya boti peke yake.

Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mmoja anatoa shilingi 100 kwa wiki. Kwa mwaka ni shilingi 104,000. Ushauri wangu ni kugawa kila shilingi kumi hivi: sita za boti, mbili za majaketi, makafi na vifaa vya usalama, moja ya usafiri na usajili, moja ya akiba ya matengenezo. Kwa hesabu hiyo boti ni shilingi 62,400, vifaa ni 20,800, usafiri na usajili 10,400, na akiba 10,400. Ikiwa boti nzuri haipatikani kwa kiasi hicho, mnaongeza miezi ya kuchanga. Fungu la jaketi haliguswi.

Jaketi liwe la sponji ngumu, si la kupuliza. Livaliwe, lifungwe, kisha mtu inua mikono na mwenzako avute mabegani kwenda juu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, na majini litakutoka. Mtungi mtupu ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini huteleza mikononi mtu akichoka. Na jaketi lililowekwa chini ya kiti halijaokoa mtu. Livaeni mkiwa ufuoni.

Ongezeni filimbi kwa kila mtu, kamba ya mita kumi, tochi, kofia na kisu kifupi. Kafi lifungwe kwenye boti kwa kamba fupi ili lisipotee. Msilifunge mkononi wala mguuni.

Kisha kuna zoezi moja lisilogharimu hata senti. Kabla ya mtu yeyote kwenda kuvua, aipindue kayaki makusudi kwenye maji ya kiunoni, aigeuze, apande tena. Arudie mara tatu, akiwa na jaketi. Asiyeweza, abaki maji ya kiunoni hadi aweze. Na chagueni mahali ambapo wenyeji wamewaambia hapana mamba.

Mamba

Hilo la mamba nalitaja wazi kwa sababu picha za simu hazilitaji. Mwezi Desemba 2010, Hendri Coetzee, mpiga kafi wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi Uganda na kuijua mito ya Afrika kuliko karibu mtu yeyote, alikuwa kwenye mto Lukuga mashariki mwa Kongo pamoja na wenzake wawili. Mamba alimtoa kwenye kayaki mbele ya macho yao. Uzoefu wake wote haukumsaidia, kwa kuwa mtu aliyeketi kwenye kayaki yuko karibu sawa na maji.

Ziwa letu lina mamba wengi, na Kisiwa cha Kati kinajulikana kwa mamba wake. Kwa hiyo kayaki si chombo cha kwenda visiwani, wala kwenye midomo ya Kerio na Turkwel, wala kwenye matete ambako viboko na mamba hukaa. Msining'inize miguu majini. Msifunge samaki kwa kamba pembeni mwa boti. Samaki wawe ndani ya sanduku lenye kifuniko, na matumbo yao yasitupwe mahali mnapoogelea. Msiingie majini alfajiri wala jioni. Kabla ya kuteremsha boti, muulizeni mvuvi wa hapo: ameonekana lini, wapi? Kama jibu ni "jana, hapa", rudini nyumbani. Hamjapoteza kitu.

Kazi isiyofaa kayaki

Kayaki ya bei nafuu ni nzuri kwa mambo matatu: kujifunza maji, kujiburudisha, na kuvua kwa mshipi na ndoana karibu na ufuo kwa ajili ya chakula na mauzo madogo. Mtapata ngege, kambare na samaki wengine wa kawaida. Mbuta, ambaye wengine humwita sangara, anaweza kukua akauzidi uzito wa mtu. Akinasa, msifunge mshipi kwenye boti wala mkononi. Kama anawavuta kuelekea maji makubwa, kateni mshipi. Ndoana hununuliwa.

Lakini kayaki si ya nyavu ndefu za kutega, na si ya kulisha familia 20 kwa biashara. Ikiwa lengo la kikundi ni biashara ya samaki, basi tuzungumze juu ya boti pana ya mbao au ya faibaglasi, mkiwa pamoja na wavuvi wazoefu, na kayaki iwe shule ya mwaka wa kwanza.

Kalokol kuna somo ambalo wazee wanalijua. Katika miaka ya 1970, serikali yetu na Norway, kupitia shirika la Norad, ziliamua kuwasaidia Waturkana kuwa wavuvi. Kikajengwa kiwanda cha kugandisha samaki. Kiwanda kilihitaji umeme mwingi na maji safi kwa wingi, vitu ambavyo Kalokol haikuwa navyo, na kiligandisha samaki kwa siku chache tu. Katikati ya miaka ya 1980 maji ya Ghuba ya Ferguson yakarudi nyuma na ghuba ikakauka. Mwaka 1990 uhusiano wa Kenya na Norway ukavunjika, wafadhili wakaondoka. Jengo likabaki. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kuwahamisha watu waliojenga ufuoni.

Sisimulii haya kuwalaumu wageni. Nasema: kitu mnachonunua kiwe kile mnachoweza kukitengeneza hapa, kukihamisha maji yakisogea, na kukitumia hata kama hakuna mtu wa kuwasaidia mwakani. Kayaki ya plastiki, kwa matumizi yake madogo, inapita mtihani huo. Mashine kubwa ya mkopo haipiti.

Samaki wenyewe pia wana saa. Kwa joto letu, samaki mbichi bila barafu hangoji. Wauzeni ufuoni mara mnapotoka, au wapasueni, watieni chumvi na kuwaanika juu ya chanja, si mchangani.

Kabla ya kuingia majini

Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya mwaka 2016 inataka chombo cha kuvulia kisajiliwe na mvuvi awe na leseni. Usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na KMA, mamlaka ya serikali ya kitaifa. Msiogope hayo. Anzeni kwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo mnaokusudia kuutumia, na afisa wa uvuvi aliye karibu. BMU ndiyo inayojua mahali samaki wanapozaliana, mahali pa kuteremshia boti, na nani yuko majini saa ngapi. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki haziruhusiwi, hata mkipewa bure. Na wale mtakaofikiria kwenda kaskazini kuelekea Todonyang, zungumzeni kwanza na chifu na maafisa wa usalama.

Na kila mnapoingia, mwachieni mtu wa ufuoni mambo matatu: ni akina nani wameingia, wanaelekea wapi, na watarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita, asingoje.

Neno la mwisho

Mama mmoja aliniuliza kabla ya kikao: "Mwanangu, nitoe pesa zangu kwa jambo hili au nisitoe?" Nilimwambia nitamjibu mbele ya wote.

Mama, toa, kwa masharti. Kikundi kinunue kayaki moja ya watu wawili, ya plastiki ngumu, ya kukalia juu, yenye upana wa kutosha na mzigo tuliouhesabu. Kinunue majaketi matatu: mawili ya wanaoingia, na moja la anayesubiri ufuoni, ili akiitwa kusaidia asiingie mtupu. Mwaka wa kwanza wote wabaki ndani ya ghuba, na mvuvi wa Kalokol alipwe kuwafundisha. Daftari la pesa lisomwe mbele ya wanachama kila mwezi. Wakikataa sharti hata moja kati ya hayo, nunua mbuzi.

Na ninyi vijana, siku mtakapokuwa tayari, huku kayaki iko ufuoni, marafiki wamekuja kutoka Kakuma na simu ziko tayari kupiga picha, halafu mkaona povu jeupe juu ya mawimbi, ketini chini ya mti. Hiyo ndiyo siku mbaya tuliyonunulia boti, na mtakuwa mmeitumia vizuri.

Ejok. Sasa niko tayari kwa maswali.

Wakazi wenye maswali kuhusu usajili wa vyombo vya uvuvi wanaombwa kufika katika ofisi ya wadi yao au kwa afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo.